Peari endelea nayo, pampu usiiache: jibu kwa mwenye pumu anayeishi Beijing

"Shikamoo daktari. Natokea Tanga, niko Beijing mwaka wa pili wa chuo. Nina pumu tangu utotoni. Natumia pampu ya kahawia asubuhi na jioni, na ya bluu nikibanwa. Kuanzia katikati ya Agosti pua na macho vinaniwasha, napiga chafya mfululizo, na kikohozi kikavu hakinitoki. Sasa ni Oktoba: midomo imepasuka, miguu imepauka, pua imetoka damu mara mbili, na choo kimekuwa kigumu. Mwenzangu wa chumbani ananihurumia sana. Ananichemshia peari na uyoga mweupe, ananikataza maji baridi, pilipili na tangawizi. Shangazi yake ni daktari wa tiba ya jadi. Alinishika mkono akasikiliza mapigo, akatazama ulimi, akasema mapafu yangu yamekauka kwa sababu ya vuli na dawa ya pampu inazidi kuyaumiza. Kanipa unga wa kahawia wa mitishamba, nikoroge kwa maji moto mara mbili kwa siku, na pampu niiache mpaka baridi ianze. Pia jioni nashikwa na huzuni, naye anasema huzuni ndiyo inayokula mapafu. Je, niwafuate? Sitaki kuwavunjia heshima watu walionipokea vizuri."

Marahaba, mwanangu, na pole. Nianze na lisiloweza kusubiri: pampu ya kahawia usiiache. Kama umeshaiacha, irudie leo jioni kwa kipimo kilekile ulichoandikiwa, na huo unga uweke kando mpaka ijulikane una nini ndani. Mengine tutayazungumza taratibu, maana mengi aliyokwambia mwenzako ni mazuri, na nitakueleza uzuri wake unatoka wapi na unaishia wapi.

Swali lako linabeba mambo mawili ambayo wenyeji wako wameyafunga fundo moja. La kwanza ni matunzo ya majira: chakula, maji, mavazi, usingizi, jinsi ya kukaa na hali ya hewa usiyoizoea. La pili ni kubadilisha dawa ya ugonjwa unaoweza kuua. Kwa la kwanza, tiba ya jadi ya China ina hazina kubwa, na mimi niliyesomea udaktari wa kifua huko huko China nawashauri wagonjwa wangu mengi ya hayo bila kusita. Kwa la pili hakuna peari wala unga unaoshika nafasi ya pampu yako, na mtu akikwambia upo, hata kama anakupenda, amekosea.

Hebu tuone mafundisho yenyewe. Kitabu kikuu cha kale cha tiba ya China, Huangdi Neijing, kilichokusanywa yapata miaka 2000 iliyopita, kinagawa mwaka kwa majira na kila majira kinayapa kiungo chake. Vuli, majira yaliyo kati ya kiangazi na baridi, imepewa mapafu. Pamoja na mapafu huja pua, ngozi na vinyweleo vyake, utumbo mpana, rangi nyeupe, ladha ya ukali kama ya tangawizi na kitunguu, na hisia ya huzuni. Ndiyo maana mwenzako anakupa vitu vyeupe: peari, uyoga wa yin'er, vitunguu vya ua la lili viitwavyo baihe. Ndiyo maana anakunyima tangawizi, kwa kuwa ladha kali husemwa kuwa inatawanya unyevu wa mwili wakati wa kuukusanya. Kitabu hicho pia kinamwambia mtu katika vuli alale mapema na aamke mapema pamoja na kuku, autulize moyo, asitawanye nguvu zake. Bibi zetu wa pwani nao hupanga vyakula vya moto na vya baridi, kwa hiyo sidhani kama fikra hizi zilikushangaza sana.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba fikra ya "ukavu wa vuli" yenyewe ilisahihishwa ndani ya utamaduni huo huo. Maandishi ya kale yalisema kinachodhuru katika vuli ni unyevu. Mwaka 1658 tabibu aitwaye Yu Chang aliandika kwamba hilo ni kosa, kinachodhuru ni ukavu, na akatunga dawa ya mchanganyiko kwa ajili yake. Baada yake matabibu wengine wakautenga ukavu wa moto wa mwanzo wa vuli na ukavu wa baridi wa mwisho wake, kila mmoja na dawa zake. Nakutajia hili ili ujue kwamba unapouliza na kupima maneno ya mzee wa tiba hiyo hufanyi utovu wa adabu. Wakubwa wake waliulizana na kusahihishana kwa karne nyingi.

Yu Chang alikuwa amesoma hali ya hewa sawasawa. Vuli ya kwetu Tanga ni mvua. Vuli ya Beijing ni kinyume chake. Mvua kubwa ya Beijing hunyesha Julai na Agosti, upepo wa bahari unapoingia bara. Kuanzia Septemba upepo hugeuka, ukaanza kutoka Mongolia na Siberia, na hewa hiyo haina maji. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 0 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke, wakati hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba karibu gramu 17. Hewa ya nje yenye baridi ikiingia chumbani na kupashwa moto, maji yake yanabaki yale yale gramu chache, lakini kiu yake inaongezeka mara tatu na zaidi. Inayatafuta maji popote yalipo: kwenye nguo ulizofua jioni, ambazo bila shaka umeona zinakauka kabla ya asubuhi, na kwenye pua yako.

Mtu mzima huvuta takriban lita 10,000 za hewa kwa siku. Kazi ya pua ni kuipasha hewa hiyo joto na kuilowanisha kabla haijafika mapafuni. Kuta za pua na njia za hewa zimefunikwa na ute mwembamba unaonasa vumbi na vijidudu, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma kuelekea kooni muda wote. Ute ukikauka na kuwa mzito, vinyweleo vinashindwa kuusukuma. Vumbi linakaa, virusi vinapata nafasi, koo linakereketa, unakohoa bila kutoa kitu. Mbele kabisa ya ukuta unaogawa matundu ya pua kuna mtandao wa mishipa midogo ya damu iliyo karibu sana na uso. Utando wake ukipasuka kwa ukavu, damu inatoka. Hiyo ndiyo damu uliyoiona mara mbili. Choo nacho kina maelezo yake: unapoteza maji zaidi kwa pumzi na ngozi, husikii kiu kama unavyosikia Tanga kwa sababu hutoki jasho, kwa hiyo unakunywa kidogo, na utumbo mpana unanyonya maji yote unayoweza kuyapata. Ongeza tambi na wali mweupe wa kantini, ugumu wa choo hauwezi kukosekana. Wazee wa China walipoweka pua, ngozi, mapafu na utumbo mpana katika kundi moja la vuli, waliona kitu cha kweli. Walikuwa wanaangalia watu wa bonde la Mto Manjano wakikauka sehemu hizo zote kwa pamoja.

Hata hivyo wanaposema "mapafu yamekauka" hawazungumzii kile utakachokiona kwenye picha ya eksirei. Wanazungumzia kundi zima la kazi: kupumua, ngozi, pua, sauti, hata choo. Ni kauli inayokusanya dalili zako pamoja. Vidole vitatu juu ya mkono havikupima jinsi njia zako za hewa zilivyobanana, na ulimi hauonyeshi uvimbe ulio ndani ya mapafu. Kipimo cha hilo kipo, unapuliza kwa nguvu kwenye mashine, na hospitali yoyote kubwa ya Beijing inacho.

Sasa nirudi kwenye sentensi moja ya maelezo yako ambayo naona wote wameiruka. Umesema kuwasha na chafya vilianza katikati ya Agosti. Katikati ya Agosti Beijing haina ukavu. Ni mwezi wa mvua, jasho na mbu, na nguo hazikauki. Kama tatizo lingekuwa ukavu peke yake, lingeanza mwisho wa Septemba. Kinachoanza katikati ya Agosti katika China ya kaskazini ni chavua, yaani unga wa maua, ya mimea ya jamii ya artemisia, magugu ya kijani-kijivu yenye harufu kali yanayoota kando ya reli, kwenye viwanja vitupu na vilimani. Chavua hiyo husafiri kwa upepo, hufikia kilele kati ya mwisho wa Agosti na Septemba, na ni mojawapo ya sababu kubwa za mzio (aleji) wa vuli kaskazini mwa China. Mtu aliyekuja kutoka Tanga hushangaa, kwa sababu mwaka wa kwanza mara nyingi hana shida. Mwili unahitaji msimu mmoja au zaidi kuitambua chavua ngeni kabla haujaanza kuipinga. Wewe uko mwaka wa pili. Pua inayowasha pamoja na macho, chafya za mfululizo, kwa mtu mwenye pumu: hii ni picha ya mzio, na mzio wa pua usiotibiwa huichochea pumu iliyo chini yake. Kwa hiyo nadhani una mambo mawili yaliyopandana, mzio wa chavua ulioanza kwanza, na ukavu ulioufuata ukauzidisha. Peari inasaidia la pili. La kwanza haligusi kabisa.

Na kwa kuwa tumelitaja gugu hilo, dawa mseto tunayotumia kwetu kwa malaria inatokana na ndugu yake mmoja, artemisia annua, ambayo Wachina huiita qinghao. Tu Youyou, mtafiti wa Beijing aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alipata dokezo katika maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4: loweka qinghao katika maji, kamua, kunywa. Hakuishia hapo. Aligundua kuwa joto la kuchemsha linaiharibu dawa, akaitoa kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, akaipima kwa wanyama, kisha kwa watu. Tiba ya jadi ya China ninaiheshimu kwa njia hiyo hiyo. Kinachopimika kipimwe, na kikithibitika tukitumie wote.

Shangazi amesema dawa ya pampu inaumiza mapafu. Hofu hii nimeisikia kwa Kichina na kwa Kiswahili vilevile, kwa hiyo nitaieleza vizuri. Pumu ni uvimbe wa kudumu wa njia za hewa. Hata siku usiyobanwa, kuta zake zimevimba kidogo na zina hasira, zinasubiri kichocheo: chavua, mafua, hewa baridi, moshi. Pampu ya kahawia ina dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe huo pale pale ulipo. Watu wanaposikia neno steroidi hufikiria vidonge vinavyovimbisha uso na kudhoofisha mifupa. Vidonge hivyo hutolewa kwa miligramu, mara nyingi 30 au 40 kwa siku, na hupita mwili mzima. Pampu hupimwa kwa maikrogramu, na maikrogramu ni sehemu ya elfu moja ya miligramu. Madhara yake ya kawaida ni sauti kukauka na utando mweupe mdomoni, na hupunguzwa kwa kusukutua maji na kuyatema kila baada ya kuvuta. Je, unafanya hivyo? Kama hufanyi, sehemu ya ukavu wa koo lako inaweza kuwa imetoka hapo, na suluhisho lake ni glasi ya maji tu.

Hatari ya kuiacha ni kwamba hutaiona hatari mapema. Siku za kwanza utajisikia vizuri, pengine vizuri sana, na utasema shangazi alikuwa na haki. Uvimbe hurudi polepole kwa siku na wiki. Kisha inakuja homa ya mafua ya mwanzo wa baridi, au usiku mmoja wa upepo wa kaskazini, na njia za hewa zilizovimba zinafunga kwa pamoja. Pampu ya bluu hulegeza misuli lakini haigusi uvimbe. Mtu anayeivuta kila saa anajidanganya kuwa anajitibu.

Kuhusu huo unga sina haja ya kumshuku shangazi. Shida yangu ni kuwa hujui una nini ndani, nami sijui. Dawa za kikohozi na pumu katika tiba ya China mara nyingi huwa na mahuang, mmea wenye efedrini. Unatanua kweli njia za hewa, lakini unapandisha shinikizo la damu na kuuharakisha moyo, na ukichanganywa na pampu ya bluu moyo unaweza kwenda mbio vibaya. Mizizi ya gancao, ambayo ipo karibu katika kila mchanganyiko, ikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu hushusha potasiamu na kupandisha shinikizo. Mbegu chungu za aprikoti hutoa sianidi zikizidi kipimo. Yapo pia magugu yenye asidi ya aristolokia, yanayoharibu figo na kuleta saratani. China yenyewe ilipiga marufuku mojawapo, guan mutong, mwaka 2003. Na katika nchi nyingi imewahi kugundulika kuwa unga usio na lebo unaouzwa kama "mitishamba ya pumu" umechanganywa na vidonge vya steroidi vilivyosagwa. Hapo mgonjwa anakimbia steroidi ya maikrogramu na kumeza ya miligramu bila kujua. Dawa ya jadi iliyosajiliwa China huwa na namba ya kibali kwenye boksi, inayoanza na maneno guoyao zhunzi na herufi Z. Isiyo na boksi wala namba, usinywe.

Tuje kwenye sufuria ya mwenzako, ambayo naipenda. Peari ina maji mengi, nyuzinyuzi na sukari iitwayo sobitoli, ambayo huvuta maji ndani ya utumbo na kulainisha choo. Hapo mafundisho ya kale na maabara yanakutana. Menya peari moja au mbili, toa moyo, kata vipande. Weka kiganja cha uyoga mweupe uliolowekwa na kuchambuliwa, kunazi nyekundu za Kichina tatu nne, donge dogo la sukari ya mawe, maji ya kutosha, acha ichemke polepole kwa saa moja au zaidi mpaka uyoga uwe laini na mchuzi uwe mzito unaoteleza. Utelezi huo kooni unatuliza kikohozi kwa muda, kama asali inavyotuliza. Kunywa ya uvuguvugu. Usiijaze sukari, na ukiona tumbo limelegea punguza. Hata wao husema peari ni ya baridi na haimfai mwenye tumbo dhaifu.

Ila kuna kosa moja kwenye mapishi hayo linaloua, na wanafunzi hulifanya sana kwa kuokoa muda: kuloweka uyoga usiku kucha, au siku mbili, juu ya meza. Uyoga uliolowekwa muda mrefu kwenye joto la chumba unaweza kuotesha bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, anayetengeneza sumu ya asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, haifi kwa kuchemshwa, na haina dawa ya kuipinga. Mwaka 2020 iliua watu 9 wa ukoo mmoja katika jimbo la Heilongjiang waliokula tambi za mahindi yaliyochachushwa. Ni sumu hiyo hiyo iliyoua watu 75 Chitima, Msumbiji, Januari 2015, baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Kwa hiyo loweka saa moja au mbili tu, kwenye maji baridi. Ukiwa unateleza kwa utando, una harufu au umebadilika rangi, tupa. Pika na kula siku hiyo hiyo.

Maji baridi hayaharibu mapafu, lakini baadhi ya wenye pumu hubanwa wakinywa kitu cha baridi sana, na maji ya uvuguvugu hulegeza makohozi. Fuata desturi ya nyumba, hupotezi kitu. Tangawizi kidogo kwenye chai ya asubuhi sioni ubaya wake. Pilipili nyingi usiku ni jambo jingine: ikiwa kikohozi kinakuzidia ukilala baada ya kula ukali, huenda asidi ya tumbo inapanda kooni, na hapo katazo la mwenzako ni sahihi hata kama sababu yake ni nyingine.

Watakwambia pia ule msemo wao wa kujifunika katika masika, baridi inapoisha, na kuvumilia baridi kidogo katika vuli, ili mwili uzoee. Kwa mtu mwenye afya ni ushauri mzuri. Kwa wewe siukubali. Hewa baridi na kavu ikiingia ghafla ni kichocheo cha pumu, kwa hiyo ukitoka asubuhi funika pua na mdomo kwa skafu au barakoa, upumue kwa pua. Siku za moshi mzito vaa barakoa inayochuja chembe ndogo na mazoezi ufanyie ndani.

Jiandae na tarehe 15 Novemba. Ndiyo siku mabomba ya kupasha joto yanapofunguliwa rasmi Beijing, mpaka 15 Machi, na ukavu wa chumbani unaongezeka kuliko wa nje. Nunua kipima unyevu, ni cha bei ndogo. Lenga kati ya asilimia 40 na 60. Taulo iliyolowanishwa juu ya bomba au beseni la maji hutosha chumba kidogo. Mashine ya unyevu ni nzuri ukiiosha mara kwa mara na kubadilisha maji kila siku, la sivyo inakutemea ukungu usoni. Usizidishe, kwa maana unyevu mwingi hukuza ukungu na wadudu wa vumbi, na hao ni maadui wa pumu. Paka vaselini kidogo ndani ya matundu ya pua usiku, nyunyizia maji ya chumvi ya dukani mara kadhaa kwa siku, paka mafuta mwilini mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na majimaji, na maji ya kuoga yasiwe ya moto sana. Damu ikitoka tena, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Usiinue kichwa nyuma kama tulivyofundishwa shuleni. Damu inashuka kooni. Na chanja homa ya mafua sasa hivi, Oktoba hii, maana kinga huchukua wiki mbili hivi kujijenga.

Huzuni yako nisiipitie juu juu. Huzuni haikuli mapafu, mwanangu, na usijilaumu kana kwamba kulia kunakuletea pumu. Ila wahenga wa huko walipoiweka huzuni kwenye vuli waliona jambo. Tanga mchana una takriban saa 12 mwaka mzima. Beijing mwezi Juni unafika saa 15, na Desemba unashuka hadi saa 9 na kidogo. Jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwili uliozaliwa karibu na ikweta unalisikia hilo. Changanya na kuwa mbali na nyumbani, kikohozi kinachokata usingizi, na mitihani. Toka nje kwenye mwanga kila asubuhi, lala mapema kama kitabu chao kinavyosema, piga simu nyumbani kabla ya jioni kukulemea. Huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili karibu kila siku, ukapoteza hamu ya chakula na masomo, au ikakujia fikra ya kujidhuru, mwone mshauri wa chuo au daktari siku hiyo hiyo, usingoje majira yapite.

Wiki hii nenda hospitali, idara ya mfumo wa upumuaji, huko wanaiita huxi ke. Beba pampu zote mbili na ule unga. Omba kipimo cha kupuliza, waone jinsi unavyovuta pampu, na wakupime mzio wa chavua. Hospitali nyingi za China zina idara ya tiba ya jadi ndani yake. Ukipenda kuwaona, wana leseni na wataiona dawa yako ya pumu kwenye kadi.

Usisubiri miadi ukiona haya: huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, pampu ya bluu haikusaidii au unaihitaji tena kabla ya muda wa saa nne kupita, unaamka usiku kwa kubanwa, midomo au kucha zimekuwa za samawati. Piga 120, namba ya gari la wagonjwa huko. Na kama kikohozi kinaambatana na homa za jioni, jasho la usiku linalolowanisha shuka, kupungua uzito au damu kwenye makohozi, omba picha ya kifua na kipimo cha makohozi cha kifua kikuu. Nasisitiza hili kwa sababu tiba ya jadi inazo dalili hizo hizo chini ya jina la upungufu wa unyevu wa mapafu, na mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kunyweshwa supu nzuri kwa miezi huku akiwaambukiza wenzake chumbani.

Shangazi wa watu usimkimbie. Mwite ayi, yaani shangazi, kwa heshima, mshukuru, mwambie: "Ayi, chakula chako kimenisaidia koo na tumbo, nitaendelea nacho. Daktari wangu wa kifua amenikataza kuacha pampu, na ameniomba nimpelekee majina ya mimea iliyomo kwenye unga." Tabibu mwenye elimu atakuandikia majina hayo bila kuona vibaya. Akikataa, unga ubaki kwenye kabati.

Majibu ya kipimo cha chavua yakithibitisha artemisia, omba dawa ya kunyunyizia puani uianze mwisho wa Julai ijayo, wiki mbili kabla magugu hayajaanza kumwaga chavua, na Agosti na Septemba ufunge dirisha na kuanika nguo ndani.